NENO DOGO LINALOPIMA HATARI
Somo la Kiingereza kwa ajili ya usalama

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayeshika nyumba, somo letu la leo ni la Kiingereza. Mtauliza: Kiingereza kinatafuta nini kwenye ukurasa wa usalama? Jibu liko kwenye depo na kwenye atelie. Shuleni tulifundishwa Kifaransa, na kazini tunasema Kiswahili. Lakini mapipa, makopo ya rangi na bidoni nyingi zinazoingia Katanga kwa njia ya Kasumbalesa zinapita Zambia, na zimetoka Afrika ya Kusini au zimeshushwa bandarini Dar es Salaam. Mara nyingi etiketi zake zimeandikwa Kiingereza. Kwenye etiketi hizo, hatari inaelezwa kwa maneno ya sifa, na mbele ya sifa kunakaa neno dogo la kipimo. Anayeruka neno hilo dogo hajasoma etiketi.

1. Soma toka nyuma

Kwa Kiswahili jina linatangulia, sifa inafuata, kipimo kinakuja mwisho: «mtu mrefu sana». Kiingereza kinageuza mpango huo. Kipimo kwanza, kisha sifa, jina mwisho. Tukikuta «highly flammable liquid», tuanze nyuma: «liquid» ni kitu cha majimaji; «flammable» ni chenye kushika moto; «highly» ni kwa kiasi kikubwa. Ni kusema: kitu cha majimaji chenye kushika moto upesi sana.

2. Sifa zenye ngazi

Sifa nyingi zinapanda na kushuka kama mtu kwenye ngazi. «Hot» ni moto, «wet» ni -enye maji, «dangerous» ni -a hatari. Mbele yake tunaweka «slightly» (kidogo), «fairly» (kiasi), «very» (sana), au «extremely» (kupita kiasi). Mifano: «The floor is slightly wet», sakafu ina maji kidogo. «The pipe is very hot», bomba ni la moto sana, usiliguse.

Mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuandika etiketi za vitu vya hatari, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, unatumia ngazi hizo kwa vitu vya majimaji vinavyoshika moto:

– «Extremely flammable»: ndiyo ngazi ya juu kabisa. Esanse ya motokari inawekwa hapa.
– «Highly flammable»: ngazi ya pili. Asetoni, inayoyeyusha rangi, iko hapa.
– «Flammable» bila neno la kipimo: ngazi ya tatu. Petroli ya taa iko hapa.

Tofauti ni nini? Ngazi mbili za juu ni za vitu ambavyo mvuke wake unaweza kushika moto hata joto likiwa chini ya digrii 23. Ni kusema, havihitaji kupashwa moto: siku ya kawaida inatosha, na cheche moja. Ngazi ya tatu inaanza digrii 23 na kufika 60. Basi usidhani «flammable» lililo peke yake maana yake ni salama. Jua la mwezi wa kumi juu ya bati la depo linaweza kuupandisha mvuke huo bila kuomba ruhusa kwa mtu.

3. Sifa zisizo na ngazi

Kuna sifa zinazokataa «very». «Fatal» ni -a kuua. Kiingereza hakisemi «very fatal», na akili inakubali: mtu hafi sana wala hafi kidogo. Kwa sababu hiyo etiketi za sumu hazipandi kwa neno la kipimo. Zinabadilisha sifa yenyewe:

– «Fatal if swallowed»: inaua mtu akiimeza.
– «Toxic if swallowed»: ni sumu mtu akiimeza.
– «Harmful if swallowed»: inadhuru mtu akiimeza.

Akina mama, angalieni neno la tatu. «Harmful» liko chini ya mengine mawili, lakini sumu inapimwa kwa kila kilo ya mwili. Kiasi kinachomfikia mtu mzima wa kilo 60, mtoto wa kilo 10 anafikiwa na sehemu moja tu ya sita. Kinachomtapisha baba kinaweza kumlaza mtoto hospitali.

Sifa nyingine zimekwisha kubeba «sana» ndani ya tumbo lake. «Exhausted» ni aliyechoka kabisa. «Deafening» ni -a kuziba masikio. «Boiling» ni -enye kuchemka. Hizi hatuzitangulizi na «very». Tukitaka kuzitia nguvu tunasema «absolutely»: «I am absolutely exhausted». Mtu anayesema hivyo mwisho wa zamu asipewe usukani.

Mwisho kuna sifa za aina. «Electrical» ni -a umeme, «chemical» ni -a kemikali. Hizi zinataja kitu ni cha namna gani, hazipimi ukubwa wake. «Very electrical fire» hakuna. «Electrical fire» ni moto wa umeme, na neno hilo linatuonya: usimwage maji. Kata umeme kwanza kama unaweza bila hatari, kisha tumia kizimamoto kinachofaa.

4. «Empty»: neno lililounguza watu

«Empty» ni -tupu. Tunasema «almost empty», karibu tupu. «Half empty», nusu tupu. «Completely empty», tupu kabisa. Hatusemi kwa kawaida «very empty».

Benjamin Lee Whorf, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1897, alifanya kazi ya kuzuia moto katika kampani ya bima kule Hartford, na pia alichunguza lugha. Katika maandishi yake ya mwaka 1939 alionyesha jambo hili: kwenye mapipa yaliyojaa esanse watu walijichunga sana, lakini kwenye mapipa yaliyoitwa «empty» walivuta sigara bila woga. Hata hivyo pipa tupu linaweza kuwa la hatari kupita lile lililojaa, kwa sababu ndani yake mvuke umebaki na umechanganyika na hewa. Neno «empty» lilisema esanse imekwisha. Halikusema mvuke umekwisha.

Tushike hivi: «empty» si «clean» (safi), wala si «safe» (salama). Usikate wala kuunganisha pipa tupu kwa moto kabla wenye kujua kazi hiyo hawajalisafisha na kulipima. Na bidoni tupu ya kemikali isirudi nyumbani kuwekewa maji ya kunywa, hata ukiisuguza kwa mchanga na sabuni mara tatu.

5. Mtego wa «inflammable»

Aliyejifunza Kiingereza kidogo anajua kwamba «in-» mara nyingi inakataa: «complete» ni kamili, «incomplete» si kamili. Kisha anakuta «inflammable» na kudhani ni kitu kisichoshika moto. Hapana! «Inflammable» na «flammable» ni kitu kimoja: vyote vinashika moto. Ukijua Kifaransa, kumbuka «inflammable» ya Kifaransa, ni maana ileile. Kisichoshika moto kinaitwa «non-flammable».

Jaribio

Sahihisha sentensi hizi pamoja na watoto wanaosoma sekondari.

1. This gas is very fatal.
2. It is a liquid flammable highly.
3. I am very exhausted.
4. The drum is empty, so it is safe.

Majibu

1. This gas is fatal. Kufa hakuna kipimo.
2. It is a highly flammable liquid. Kipimo, sifa, jina.
3. I am very tired, au: I am absolutely exhausted.
4. Kwa Kiingereza sentensi hii haina kosa hata moja. Kosa lake ni la usalama, na ndilo kubwa kuliko yote.

Ndugu, kesho ukifika kazini, chagua etiketi moja na kuisoma toka nyuma. Neno usilolijua, muulize mkubwa wa kazi kabla ya kufungua kifuniko. Kuuliza si haya.

SOMA KWANZA, FUNGUA BAADAYE!