SOMO LETU: MAWE YA PWANI NI NYUMBA ZA WATU



Safari hii tunashuka pwani. Sehemu nyingi za Kilifi si mchanga mtupu. Kuna majabali, na katikati yake kuna vighuba vidogo ambavyo mtu hupita akisema, "Ah, ni mawe tu." Kumbe hapo ndipo ghala la kitoweo chetu, na ndipo wanapolelewa watoto wa bahari.

1. Siku ya kwenda
Twende wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Maji mafu hayatuonyeshi mengi. Tuvae viatu, na mmoja wetu awe mlinzi: maji yakianza kujaa, tutoke sote.

2. Tutakayoona
Tuanze juu, tushuke polepole. Juu kabisa kuna konokono wadogo wanaojibana kwenye nyufa na kufunga mlango wao ili jua lisiwakaushe. Katikati kuna chaza walioganda mwambani, na kaa wenye mbio. Chini, penye vidimbwi, mambo ni mengi: mwani, kiti cha pweza, jongoo bahari, samaki wachanga, na pengine tundu la pweza.

Pweza jike akitaga hukaa tunduni kuyalinda mayai yake. Hali chakula, na yakianguliwa yeye hufa. Basi ukimchokoa kabla ya siku zake, umepoteza mama na watoto wote kwa mlo mmoja.

3. Kosa letu
Sisi wenyewe tulikosa. Siku moja tulipindua jiwe ili tuwaonyeshe wenzetu, tukaliacha chali. Tuliporudi kesho yake, viumbe vilivyokuwa vimeshika upande wa chini vilikuwa vimekaushwa na jua, na harufu ilitusuta. Mkono mmoja, dakika moja. Je, mitaimbo kumi kila bamvua?

4. Yawezekana
Hatusemi mama aache kutafuta kitoweo. Watoto lazima wale. Tunasema tupange. Huko Kuruwitu, Kilifi, mwaka 2005 wenyeji walitenga hekta 30 hivi za bahari yao zisivuliwe kabisa. Haikuwa rahisi, maana njaa ya leo haingojei samaki wa kesho. Lakini samaki waliongezeka, na mwaka 2017 jumuiya hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

5. Tukubaliane
- Jiwe likipinduliwa, lirudishwe lilivyokuwa.
- Wadogo na wenye mayai waachwe.
- Tusivunje matumbawe kwa mtaimbo.
- Tusiokote konokono mwenye umbo la pia; baadhi yao wana sumu ya kuua. Ukichomwa na samaki anayefanana na jiwe, tia mguu katika maji ya moto unayoweza kuvumilia, kisha kimbilia hospitali.

Maswali ya kikundi
a) Wazee wetu walipata nini mawe haya zamani? Sisi tunapata nini?
b) Tukipumzisha kighuba kimoja kwa miezi michache, ni nani atakayeumia, na tutamsaidiaje?
c) Nani ataenda kuzungumza na BMU ya bandari yetu, na lini?

Msifunge mkutano kabla ya kujibu swali la (b).