Mwekezaji Akileta Fedha na Ushauri: Yafaa Kujua Nini Kabla ya Kutia Sahihi?

Benki humkopesha mfanyabiashara na mara nyingi hudai dhamana, kama vile hatimiliki ya shamba. Kampuni ya uwekezaji hufanya tofauti: hununua hisa, yaani sehemu ya umiliki wa biashara. Biashara ikistawi, thamani ya hisa hupanda. Ikianguka, mwekezaji hupoteza fedha zake.

Zamani kampuni nyingi za aina hii zilitoa fedha, zikaketi kwenye bodi na kusubiri hesabu. Mtindo huo umebadilika. Mwaka 2005, Y Combinator ya Marekani ilianza kutoa fedha kidogo pamoja na miezi mitatu ya mafunzo. Andreessen Horowitz, iliyoanzishwa mwaka 2009, iliajiri wataalamu wa kuwasaidia waanzilishi kupata wafanyakazi na wateja. Acumen, ambayo huwekeza pia Afrika Mashariki, hukubali kusubiri miaka mingi kabla ya kudai faida.

Hapa Kenya imeonekana kwamba fedha pekee hazitoshi. Sendy, kampuni ya usafirishaji, ilifunga shughuli zake mwaka 2023. Copia, iliyouza bidhaa vijijini kupitia mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Zote zilikuwa zimepokea mamilioni ya dola.

Hata hivyo, msaada huu una bei. Chukua mfano wa kijana wa Matisi anayetengeneza chakula cha kuku kwa mahindi ya Trans Nzoia. Mwekezaji wa kwanza anapewa asilimia 20. Kijana anabaki na 80. Hisa mpya zinatolewa, wa pili anapata asilimia 25 ya kampuni nzima. Kijana anabaki na 60. Wa tatu naye akipata asilimia 25, kijana anabaki na 45. Sasa wenzake wakiungana, wanaweza kumshinda kwa kura katika biashara aliyoianzisha mwenyewe.

Kabla ya kutia sahihi, mfanyabiashara aulize:

1. Ushauri ulioahidiwa umeandikwa kwenye mkataba, au ni maneno tu?
2. Nani ataamua mambo makubwa, na nani anaweza kumwondoa mwanzilishi?
3. Je, malipo yanaweza kuwa asilimia ya mauzo ya kila mwezi hadi kiasi kilichokubaliwa kitimie, bila kutoa hisa?

Mkataba usomwe na wakili wa mfanyabiashara mwenyewe, si wa mwekezaji. Ada yake ni nafuu kuliko kuipoteza biashara.