Elimu ya Ununuzi: Maelezo ya Zabuni Yanayomvuta Mkandarasi Mahiri

Tangazo lisemalo tu "ujenzi wa choo cha wanafunzi" humlazimu mzabuni kubahatisha. Aliye makini hupandisha bei ili kujikinga na asichokijua, au hujiweka kando. Asiye makini hutaja bei ya chini, kisha huomba nyongeza kazi ikiwa nusu. Hasara humrudia mwananchi: fedha zimekwisha na wanafunzi wangali wakipanga foleni kwenye tundu moja.

Chukulia kata inayohitaji choo cha matundu 10 katika shule ya msingi. Maelezo yake yajibu maswali manne.

Kwanza, kazi yenyewe. Yatajwe matundu ya wasichana, ya wavulana na ya wenye ulemavu, pamoja na chanzo cha maji. Vipimo na viwango vya vifaa viwekwe katika jedwali moja, ili wazabuni wote wakadirie bei kwa msingi uleule.

Pili, eneo. Ifakara ni tambarare, na Mto Lumemo hufurika wakati wa masika. Maelezo yaonyeshe mafuriko yalifika wapi, maji ya ardhini yako kina gani, na iwapo lori hufika kiwanjani. Mengi ya hayo wayajuao ni wakazi. Wayafikishe kwa Mtendaji wa Kata kabla zabuni haijatangazwa; shimo lililochimbwa pasipofaa hujaa maji, na kurekebisha ni gharama mpya.

Tatu, muda. Masika huanza kwa kawaida mwezi Machi. Ratiba ihakikishe msingi umekamilika kabla ya hapo.

Nne, vigezo na malipo. Vitajwe usajili unaotakiwa kutoka Bodi ya Usajili wa Makandarasi, uzoefu wa kazi za aina hiyo, na malipo kwa kila hatua iliyokaguliwa. Kigezo ambacho hakikutajwa mwanzoni hakiwezi kutumika kumwengua mzabuni mwishoni.

Zabuni za umma hutangazwa kupitia mfumo wa NeST. Aidha, sheria inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi kinachotaka kushindana kijisajili mapema, kisome jedwali lote, na pale kipimo kisipoeleweka kiombe ufafanuzi kwa maandishi kabla ya kutaja bei.