NAMBA YA DAFTARI LA STOO ISIHAMEHAME: Panga mtandao wa kompyuta pepe kwa mkono

Somo la leo ni la wewe unayeuza mtandaoni na daftari lako la stoo liko ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya laptopu yako kupitia VirtualBox. Wengi tunafanya hivi kwa sababu programu ya stoo inataka Ubuntu, laptopu ina Windows, na hela ya mashine ya pili hakuna.

Shida inakuja kijana wa dukani akitaka kufungua daftari hilo kwa simu. Leo linafunguka, kesho halifunguki. Mteja wa Mwanza anaulizia viatu namba 42, kijana anakisia, anajibu "vipo". Hela inatumwa, kumbe pea ya mwisho imeuzwa asubuhi. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mteja anategemea mzigo mapema. Kisingizio cha kusubiri kivuko hakipo tena.

KWA NINI LINAPOTEA?

Sababu ziko mbili. Kwanza, VirtualBox huanza na mpango unaoitwa NAT. Hapo kompyuta pepe inajificha nyuma ya laptopu, mara nyingi kwa namba 10.0.2.15. Yenyewe inatoka kwenda intaneti, lakini simu ya dukani haiwezi kuifikia. Pili, hata ukiitoa mafichoni, ruta inagawa namba yenyewe. Umeme ukikatika na kurudi, inaweza kupewa namba nyingine.

Dawa ni kuipa namba ya kudumu.

HATUA ZA KUFUATA

1. Kwenye Windows fungua dirisha la cmd, andika ipconfig. Soma namba iliyo mbele ya Default Gateway. Tuchukulie ni 192.168.1.1, na Subnet Mask ni 255.255.255.0. Zako zikiwa tofauti, fuata zako.

2. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya DHCP, uone inagawa namba zipi. Kama inagawa kuanzia 100 hadi 199, wewe chagua nje ya hapo, mfano 192.168.1.200. Vifaa viwili vikiwa na namba moja vitagombana na vyote vitasumbua.

3. Zima kompyuta pepe. Kwenye VirtualBox fungua Settings, kisha Network, toa NAT weka Bridged Adapter. Chagua kadi ile ile ambayo laptopu inatumia kupata mtandao. Wi-Fi ikigoma, unganisha laptopu na ruta kwa waya.

4. Washa Ubuntu. Nenda Settings, Network, bonyeza alama ya gia, ingia IPv4, chagua Manual. Jaza hivi:
Address: 192.168.1.200
Netmask: 255.255.255.0
Gateway: 192.168.1.1
DNS: 8.8.8.8
Bonyeza Apply, zima swichi ya mtandao, iwashe tena.

NAMBA HIZO ZINA KAZI GANI?

Address ni nyumba yako. Netmask inaonyesha mtaa wako unaishia wapi. Gateway ni kama Busisi kwa anayepita darajani kwenda Mwanza: ukizunguka humu humu Sengerema huihitaji, ukitaka kuvuka lazima uipitie. DNS ni yule wa kumuuliza jina, akakupa namba.

UKIKWAMA, PIMA HIVI

Ndani ya Ubuntu andika ping 192.168.1.1. Isipojibu, rudi hatua ya 3 na ya 4. Ikijibu, andika ping 8.8.8.8. Hii isipojibu, kagua Gateway, pia hakikisha bando halijaisha. Ikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa jina, kosa liko kwenye DNS. Mwisho, chukua simu iliyo kwenye Wi-Fi ya duka, andika 192.168.1.200 kwenye kivinjari. Kama programu yako ina namba ya mlango, mfano 8069 kwa Odoo, ongeza nukta mbili na namba hiyo: 192.168.1.200:8069.

MAMBO MAWILI USIYAPUUZE

Kama unatumia hotispoti ya simu badala ya ruta, mpango huu utakusumbua. Baadhi ya simu zinaweza kubadilisha mtaa wa namba hotispoti inapowashwa upya, na namba uliyoweka kwa mkono itabaki mtaa wa zamani. Tafuta ruta ndogo ya laini, ikae dukani.

La pili: ukitoka NAT, kila aliye kwenye Wi-Fi yako anaweza kugonga mlango wa daftari lako. Humo kuna namba za simu za wateja na orodha ya madeni. Weka nenosiri gumu kwenye programu, na Wi-Fi ya duka usimpe mteja hata akiomba kwa upole.

Andika namba yako ya kudumu kwenye karatasi, bandika chini ya kaunta. Kijana akiingia zamu afungue, aangalie stoo, ndipo amjibu mteja. Biashara njema.