Wingu likizima, oda zako ziko kwa nani?

Wiki iliyopita niligusia hapa zile huduma za mtandaoni zilizogoma Oktoba na Novemba 2025, dada mmoja akanifuata inboksi: "Sasa dada, mimi nauza vikoi kwa simu moja tu, hayo ya wingu la Wamarekani yananihusu nini?" Nilimjibu kwa kifupi, ila swali lake likanikaa kichwani. Leo nimefunga hesabu mapema, acha nilijibu vizuri.

Kwanza neno lenyewe. Wingu haliko juu. Ni majengo makubwa yaliyojaa kompyuta, yana umeme wake, majenereta, mitambo ya kupooza joto na walinzi getini. Wakubwa duniani ni watatu: Amazon kwa huduma yao ya AWS, Microsoft kwa Azure, na Google. Hawa wanakodisha kompyuta kama mwenye jengo Kariakoo anavyokodisha fremu. Ile programu unayoandikia oda, tovuti ya duka lako, ile ya kutengenezea matangazo, nyingi hazina jengo lao, zimepanga kwa mmoja wa hao. Kwa hiyo wewe unamjua mpangaji tu. Mwenye jengo humjui, wala yeye hakujui.

Sasa Jumatatu ya Oktoba 20, 2025, saa 4 kasoro asubuhi kwa saa zetu, kituo cha Amazon kilichopo Virginia, Marekani, kikaanza kuleta shida. Snapchat ikagoma, Signal ikagoma, mchezo wa Fortnite ukagoma, na huduma nyingine nyingi kila kona ya dunia. Watu wengi walidhani ni wezi wa mitandaoni. Kumbe wala.

Kompyuta zinatafutana kwa kitu kama daftari la namba za simu, mafundi wanakiita DNS. Unaandika jina, daftari linakupa namba, unaunganishwa. Siku ile mifumo miwili inayojiendesha yenyewe, ambayo kazi yake ni kusasisha hilo daftari, ilipishana vibaya, na namba ya huduma yao moja kubwa ya kuhifadhi data, DynamoDB, ikafutika. Fikiria mteja anakutafuta, jina lako lipo kwenye simu yake, namba hakuna. Duka liko wazi, mzigo umejaa, wewe umekaa unasubiri, na hakuna anayekupata. Daftari lilirekebishwa baada ya saa mbili na nusu hivi, lakini foleni ya mifumo iliyokuwa imekwama ilisumbua mpaka saa 7 usiku.

Siku tisa baadaye, Oktoba 29, ikawa zamu ya Microsoft. Huko mtu alipitisha badiliko lisilo sahihi kwenye Azure Front Door, lile geti ambalo wateja wao wanapitia kuingia, na shida ikachukua zaidi ya saa nane. Halafu Novemba 18 ikawa Cloudflare, hawa ni walinzi na waelekeza njia wanaokaa mbele ya tovuti za watu. Faili lao la kutambua roboti likavimba kupita kiasi ambacho mifumo yao inakubali. Kuanzia saa 8 na dakika 20 mchana X na ChatGPT zikawa zinaingia kwa shida au haziingii kabisa. Mara zote tatu hakukuwa na adui. Ni kazi za kila siku zilizokosewa na watu wenye mafundi bora duniani.

Kuna nyingine wengi tunaikumbuka. Oktoba 4, 2021, jioni ya saa 12 na ushee, WhatsApp, Instagram na Facebook zilizima pamoja kwa karibu saa sita. Kuna watu walikuwa wanajivunia kwamba wana njia tatu za kupata wateja. Njia tatu, mlango mmoja! Zote ni za kampuni ileile. Na Mei 12, 2024, wingu lilikuwa zima kabisa, barabara ndiyo iliyokatika: nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini huko na mtandao ukawa wa kusuasua Tanzania, Kenya na kwa majirani.

Lakini kuzima kunapita. Saa chache unanuna, unakosa mauzo ya jioni, kesho unaendelea. Kinachonitisha mimi ni kupotea.

Septemba 26, 2025 uliwaka moto kwenye kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon. Mamia ya mifumo ya serikali ilisimama. Mmoja wao ulikuwa G-Drive, kabati la mtandaoni ambalo watumishi wa serikali walikuwa wanawekea nyaraka zao za kazi. Terabaiti 858 ziliungua zote, kwa sababu hakukuwa na nakala sehemu nyingine. Sababu waliyotoa ni kwamba kabati lilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Korea Kusini, jamani, nchi inayotengenezea dunia simu.

Sasa linganisha na mfuko wa pensheni wa UniSuper, Australia. Mei 2024, kwa kosa la mpangilio upande wa Google Cloud, mfumo waliokuwa wamekodi ulifutwa wote. Wanachama zaidi ya laki tano hawakuweza kuona akaunti zao kwa siku kadhaa. Ila hawa walikuwa na nakala kwa mtoa huduma mwingine kabisa, na nakala hizo zikawasaidia kurudisha mfumo. Fedha za watu zilikuwa salama.

Mimi nilikuwa Korea, niseme ukweli.

Nauza mashuka na mapazia. Desemba 2024, wiki moja kabla ya Krismasi, simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya nguo. Haikuwaka tena. Sikuogopa sana, nikajisemea bekapu ipo, nikakopa simu, nikarudisha laini yangu, nikaingiza namba. Chati zikarudi… mpaka mwezi wa saba. Miezi mitano haipo. Zile taarifa za "hifadhi imejaa" nilikuwa nazifuta kila asubuhi kama matangazo ya bahati nasibu.

Nilikuwa na oda ishirini na tatu ambazo watu wametanguliza hela. Nani kalipa, hilo nililipata kwa kuomba taarifa ya miamala kwa mtandao wa simu. Lakini taarifa inakuambia jina na kiasi, haikuambii huyu anataka futi tano kwa sita rangi ya maziwa na yule anataka pazia la milango miwili. Nikapiga simu moja baada ya nyingine kuomba radhi. Wengi walicheka tu. Mama mmoja wa Mbeya alikuwa ametanguliza elfu sitini kwa namba ya mwanawe, mapazia ya sherehe ya binti yake. Jina nililoliona halikuwa lake, nikapiga ile namba, haipokelewi. Yeye naye alikuwa ananiandikia WhatsApp siku mbili simu ikiwa imekufa. Siku ya tatu nikakuta picha yangu kwenye grupu la wanunuzi, imeandikwa TAPELI.

Nilimrudishia hela yake yote, nikamtumia na mapazia bila malipo. Alifuta picha. Hajawahi kununua tena kwangu, na simlaumu.

Sasa tuje kwenye kazi. Kwenye simu za Android, bekapu ya WhatsApp inakaa kwenye akaunti yako ya Google. Zamani haikuhesabiwa, ila kuanzia 2024 inahesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 za bure, na nafasi hiyohiyo inabeba barua pepe zako na picha zako. Picha nazo zilianza kuhesabiwa Juni 1, 2021. Mtu anayepiga picha mzigo mpya kila siku anajaza haraka sana, na ikijaa bekapu inasimama. Wenye iPhone mna gigabaiti 5 tu za bure kwenye iCloud, kwenu ni haraka zaidi. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya chati, tafuta bekapu, usome tarehe ya mwisho. Hiyo tarehe ndiyo habari yote. Kama ni ya zamani, zima kipengele cha kujumuisha video, ndizo zinazokula nafasi, halafu uanze bekapu upya ukiwa na bando la kutosha.

La pili ni aibu yetu wengi: barua pepe yenyewe huijui. Alikufungulia kijana wa duka la simu siku uliponunua, neno la siri analo yeye au hana mtu. Simu ikipotea hiyo bekapu ni ya nani? Leo hii fungua mipangilio ya simu, soma ni akaunti ipi, badilisha neno la siri uliandike mahali pa nyumbani, na namba ya kurejeshea akaunti iwe laini yako iliyo hai. Kama una akaunti ya zamani yenye picha za bidhaa, iingie mara mojamoja, maana Google wana sera ya kufuta akaunti binafsi ambazo hazijaguswa kwa miaka miwili.

Na mimi nimerudi kwenye daftari. Counter book la kwire mbili, kila oda mstari mmoja: jina, namba ya anayepokea mzigo, namba iliyolipa kama ni tofauti, anachotaka, alichotanguliza, basi atakalotumiwa. Usiku nalipiga picha ukurasa, natuma kwa mdogo wangu aliyeko Morogoro. Anasema namjazia simu. Namba za wateja wa kudumu nimezihifadhi kwenye laini na kwenye daftari pia, ili WhatsApp ikizima niwatumie meseji ya kawaida: "Mzigo wako upo, mtandao unasumbua, nipigie." Ile siku ya Novemba sikuihitaji. Ila mtandao ulipokata mtaani kwetu Januari, niliuza mashuka manne kwa meseji.

Wanaolipia programu za oda kila mwezi, waulizeni wenye programu swali moja: naweza kupakua orodha ya wateja na oda zangu zikaa kwenye simu yangu? Kama jibu ni ndiyo, pakua kila Jumapili. Kama wanazungukazunguka, mimi nisingeweka humo oda yenye hela ya mtu.

Ukikwama kwenye kuzima video au kujua akaunti yako, niandikie hapa chini utaje aina ya simu. Nitajibu nikitoka kupeleka mzigo stendi, basi la Mbeya linaondoka alfajiri.