Tongoni Mbili na Hawaiki

Babu yangu wa Kasongo alikuwa na hoja moja ya kuthibitisha kwamba sisi ni watu wa pwani. Karibu na Tanga kuna Tongoni; na mji wa zamani wa Tippu Tip, huku kwetu, unaitwa Kasongo-Tongoni. Basi wazee, alisema, walikuja na jina lao. Niliamini hivyo mpaka somo la isimu linganishi lilipotufikisha Polinesia.

Kule majina yalisafiri kweli. Wamaori, ambao wazee wao waliingia New Zealand kwa mitumbwi mikubwa ya tanga katika karne ya 13 hivi, huita nchi ya asili yao Hawaiki. Samoa kuna kisiwa cha Savai'i. Kufanana tu si ushahidi. Ushahidi ni kwamba hata tofauti zake zina utaratibu. Pua kwa Kisamoa ni isu, kwa Kimaori ihu. Mtumbwi ni va'a, kwa Kimaori waka. Penye s pana h, penye v pana w, na penye kipasuo cha koo (alama ile ya ') pana k. Ipitishe Savai'i katika njia hiyo: inatoka Hawaiki, bila kulazimisha sauti hata moja.

Nikarudi kwenye Tongoni zetu. Tongo ni mahame, mahali palipoachwa na watu. -Ni ni ile ile ya nyumbani na shambani. Tongoni ya Tanga ina magofu ya msikiti na makaburi. Ya kwetu ni mji uliohamwa. Nani angeuita mji wenye watu mahame? Jina hilo linaweza kuzaliwa popote panaposemwa Kiswahili, mara mbili, bila mtu kulibeba njiani. Halisemi lolote juu ya Tanga.

Lugha ndiyo iliyobebwa. Ilipita Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapanda hadi Kabambare, ambako Livingstone alilala na vidonda vya miguu mwaka 1870, kisha Kasongo na Nyangwe. Lakini visiwa vya mbali vya Polinesia havikuwa na watu. Maniema ilikuwa na watu tele. Wengi walioitwa Waungwana, na baadaye wakaandikwa na Wabelgiji kama "Waarabu", walikuwa wenyeji waliochukua kanzu, dini na lugha. Ndiyo maana wengi wetu husema mutu, mutoto, muti, ambapo mtu wa pwani husema mtu, mtoto, mti. Msamiati ni wa pwani, matamshi ni ya mama zetu.

Nilimweleza babu. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Sasa mimi ni mutu wa wapi?" Alisema mutu, wala hakujisikia.