Kwa Nini Wanaingia katika Biashara ya Ngono? Somo kutoka Barabara Kuu ya Singida

Mwanamke anapotoka katika chumba cha ushauri nasaha baada ya kueleza kwamba hujipatia riziki kwa kuuza ngono, wahudumu wanaobaki ndani mara nyingi huulizana: kwa nini amechagua kazi hii? Udadisi huo si kosa. Taaluma ya tiba imejengwa juu ya kuuliza sababu, na daktari asiye mdadisi hukosa ugonjwa ulio mbele ya macho yake. Kasoro imo katika namna swali lilivyoundwa. Linachukulia kwamba palikuwa na siku moja ya uamuzi, katika njia panda moja, ambapo mwanamke alisimama akachagua. Tafiti zilizofanywa Afrika Mashariki zinaonyesha kuwa maamuzi ni mengi na hufanywa upya kila wiki, pengine kila usiku. Ule unaomfikisha mwanamke kwenye maambukizi ya Virusi vya UKIMWI (VVU) waweza kuwa uamuzi wa usiku mmoja tu, uliosukumwa na tukio lisilohusiana na ngono hata kidogo.

Mkoa wa Singida ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili, kwa kuwa mambo mawili yanakutana hapo waziwazi: ukame na barabara.

Nchi ya msimu mmoja wa mvua

Singida iko katika ukanda wa kati wa Tanzania, wenye hali ya nusu jangwa. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kaya nyingi hutegemea alizeti, mtama, uwele, vitunguu, kuku wa kienyeji na mifugo. Fedha huonekana baada ya mavuno. Kuanzia Januari hadi Machi ghala huwa limepungua, mazao mapya bado yako shambani, na sare na madaftari ya shule vimekwisha kudaiwa. Mwaka ambao mvua imekatika mapema, kipindi hicho hurefuka.

Katikati ya nchi hiyo inapita barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma, Manyoni na Singida mjini hadi Nzega, ikibeba malori yaendayo Mwanza, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Tawi jingine linaelekea Arusha kupitia Katesh na Babati. Madereva na utingo hulala njiani, na panapolala malori huota vibanda vya chakula, baa na nyumba za kulala wageni. Manyoni, Misigiri na Shelui ni vituo vinavyofahamika kwa kila asafiriye njia hiyo. Upande mwingine kuna dhahabu: machimbo ya Sekenke, wilayani Iramba, yalianza enzi za Wajerumani mwaka 1909, na wachimbaji wadogo wameendelea kuchimba mkoani hadi leo. Hivi karibuni ujenzi wa reli ya kisasa uliofika Makutupora, na wa bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima kwenda Tanga, umeleta wanaume wengi wenye mishahara, walio mbali na kwao, katika maeneo ambayo mwanamke wa kawaida hashiki fedha taslimu kwa wiki kadhaa.

Jambo hili husahauliwa mara kwa mara. Mazungumzo yote huelekezwa kwa muuzaji. Ni nadra sana mtu kuuliza kwa nini dereva mwenye mke na watoto ananunua, au mchimbaji anatumia kwa usiku mmoja kipato cha siku kadhaa. Biashara yoyote ina pande mbili, na udadisi unaotazama upande mmoja tu una walakini tangu mwanzo.

Majibu yaliyozoeleka

Jibu la kwanza ni umaskini. Lina ukweli, lakini halitoshi: wanawake maskini wa Singida ni wengi mno, na walio wengi kabisa hawauzi ngono. Sababu iliyopo kwa kila mtu haiwezi peke yake kueleza kitendo cha wachache. Jibu la pili ni tamaa: simu, nguo, nywele. Hili ni hukumu iliyovaa vazi la maelezo, na mhudumu wa afya hana la kufanya nalo. La tatu ni kwamba wote wamerubuniwa au kulazimishwa. Hapa lazima kutenganisha.

Aliye chini ya miaka 18 hachagui. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza unyonyaji wa kingono wa mtoto, na mtu anayemwingiza humo ni mhalifu, awe mwenye baa, mpangishaji au ndugu. Kwa muda mrefu wasichana kutoka Singida, Dodoma na Iringa wamepelekwa mijini kufanya kazi za ndani. Baadhi hufukuzwa bila ujira, au hukimbia kipigo na unyanyasaji wa wenye nyumba, wakajikuta katika mji wasioujua bila nauli ya kurudia kwao. Msichana wa namna hiyo akifika kituoni, kinachotakiwa ni kumlinda na kumshirikisha afisa ustawi wa jamii. Kumweleza habari za kondomu na kumruhusu aende zake hakutoshi hata kidogo.

Kwa watu wazima picha ni nyingine, na historia inasaidia kuiona. Mwaka 1990 mwanahistoria Luise White alichapisha kitabu kuhusu ukahaba katika Nairobi ya kikoloni, akitegemea mahojiano na wanawake wazee wa Pumwani waliowahi kuifanya kazi hiyo. Alikuta kwamba wanawake wenyewe walitofautisha aina za kazi: watembezi waliotafuta wanaume barabarani, wanawake wa malaya waliokaa ndani ya vyumba vyao na kumpa mwanamume chakula, chai na maji ya kuoga, na wale wa wazi-wazi waliokaa mlangoni, wengi wao Wahaya kutoka Bukoba. Kila aina ilikuwa na hesabu yake. Wengi wa wazi-wazi walituma fedha nyumbani kuziokoa familia zao. Baadhi ya wanawake wa malaya walijenga nyumba zao wenyewe Nairobi. Mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya sotoka na maradhi mengine kufyeka ng'ombe, mabinti walikwenda mjini ili boma la baba lipate mifugo tena.

Maneno tunayorithi, malaya, kahaba, changudoa, yamebeba matusi kiasi cha kuificha hesabu hiyo. Wanawake wale hawakuwa wajinga wala watu wasio na ndugu. Mara nyingi waliingia humo kwa sababu ya ndugu.

Usiku ambao mtoto anaumwa

Ushahidi ulio wazi kuliko mwingine unatoka Busia, magharibi mwa Kenya, mji wa mpakani ambao nao hupitiwa na malori. Watafiti Jonathan Robinson na Ethan Yeh waliwaomba wanawake 192 waandike kila siku katika shajara mapato yao, wateja wao, matumizi ya kondomu, na yaliyotokea nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Siku ambazo mtu wa nyumbani aliugua, kwa kawaida mtoto, uwezekano wa mwanamke kupokea mteja uliongezeka kwa asilimia 3.1 tu. Lakini uwezekano wa kufanya ngono bila kinga uliongezeka kwa asilimia 19.1.

Takwimu hizo mbili zinastahili kusomwa pamoja, polepole. Ugonjwa wa mtoto haukuongeza sana idadi ya siku za kazi. Ulichobadilisha ni masharti ya kazi. Mteja hulipa zaidi pasipo kondomu, na mwanamke anayejua hatari hiyo vizuri, ambaye juzi aliikataa fedha hiyo, leo anaikubali kwa sababu anahitaji dawa kabla ya asubuhi. Elimu ya afya haikumtoka kichwani usiku huo. Kilichopungua ni fedha.

Ukame hufanya kazi ileile kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 2015 Marshall Burke, Erick Gong na Kelly Jones walichapisha uchambuzi wa takwimu za watu zaidi ya 200,000 kutoka nchi 19 za Afrika. Katika maeneo ya vijijini ambako VVU vimeenea, kila ukame wa karibuni uliambatana na ongezeko la asilimia 11 la maambukizi. Njia mojawapo inayoelezwa ni hii hii: mavuno yakikosekana, ngono hugeuzwa kuwa chanzo cha kipato, hata kwa wanawake ambao hawatajiita wala kuitwa wafanyabiashara wa ngono. Mwuza vitunguu mwenye rafiki dereva anayemlipia kodi ya chumba miezi ya njaa tu, kisha akarudi shambani mvua ikinyesha, yumo katika hesabu hiyo bila kuonekana katika orodha yoyote ya huduma.

Ndiyo maana wahudumu wa baa hustahili kutazamwa kwa makini. Mbeya, kwenye barabara kuu iendayo Zambia, uchunguzi wa wanawake 600 waliofanya kazi katika baa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta asilimia 68 wanaishi na VVU. Hali ya nchi imebadilika sana tangu dawa za kufubaza virusi zienee, na utafiti wa taifa wa mwaka 2022/2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Hata hivyo muundo wa ajira ya baa umebaki uleule: mshahara mdogo, unaochelewa, na mwajiri anayetarajia "uchangamfu" uwaongezee wateja kiu.

Yafaayo kuulizwa kituoni

Mwanamke anayeulizwa "kwa nini unafanya hivi?" husikia shutuma, hata sauti ya muulizaji ikiwa ya upole. Atatoa jibu linalotarajiwa, kisha hatarudi. Hofu yake ina msingi: Kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu kinamtaja kahaba anayetenda isivyo na adabu hadharani kuwa mkosaji. Wanaoogopa misako huacha kubeba kondomu nyingi, zisije zikawa ushahidi dhidi yao.

Maswali yenye manufaa ni mengine. Nani wanakutegemea? Mara ya mwisho uliyoshindwa kutumia kondomu, nini kilitokea nyumbani wiki hiyo? Miezi gani ni migumu zaidi? Je, yuko mwanamume ambaye humwoni kama mteja? Swali hili la mwisho ni muhimu kitabibu, kwa kuwa tafiti nyingi zimeonyesha kondomu hutumika zaidi kwa wateja kuliko kwa mpenzi wa kudumu, na huko ndiko kaswende, kisonono na VVU hupita kimyakimya. Majibu huelekeza huduma: upimaji wa mara kwa mara, dawa kinga zijulikanazo kama PrEP, uzazi wa mpango, na uchunguzi wa mlango wa kizazi, maana mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hiyo.

Lakini jibu la swali kuhusu nyumbani huelekeza pia mahali ambapo idara ya VVU haina mazoea ya kupatazama. Sera inasema matibabu ya mtoto chini ya miaka mitano ni bure, ila dawa ikikosekana katika zahanati mama huandikiwa akanunue dukani. Kwa mujibu wa ushahidi wa Busia, karatasi hiyo ya dawa ni tukio la hatari ya VVU, na kabati la dawa za watoto lililojaa mwezi Februari ni sehemu ya kinga. Kadhalika kadi ya bima ya kaya, kikoba chenye mfuko wa dharura unaotoa mkopo siku hiyohiyo, na ruzuku ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ikifika kabla ya mavuno badala ya baada yake. Hakuna kati ya hayo linalomtaka mwanamke aache kazi yake kwanza ndipo asaidiwe. Baadhi wataacha; wengine wamepiga hesabu zao na hawataacha, na mtoto wa hao huugua vilevile.

Jambo la saa nalo si dogo. Mwanamke ambaye kondomu imepasuka au aliyebakwa anatakiwa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Zahanati nyingi za kando ya barabara hufunga huduma za kawaida saa 9:30 alasiri, hufungua tena saa 1:30 asubuhi wakati yeye amelala, na Ijumaa jioni hufunga hadi Jumatatu. Malori huanza kuegesha Shelui jua likizama.